Jina Liliitwa Mara Tatu

Jambo hili sijamwambia mtu. Mama hajui, Baba hajui, na rafiki niliomaliza nao skuli hawajui. Siku ya Alkhamisi, tarehe 25 Aprili 2024, katika chumba cha kungojea cha ofisi moja ya serikali hapa mjini, jina la shangazi yangu liliitwa mara tatu. Mimi ndiye niliyetakiwa kuitika na kwenda mbele. Nilikuwapo. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la pili, faili lake liko mapajani mwangu, karatasi zote zimetimia. Sikuitika.

Baadaye nilimwandikia kwamba mtandao ulikatika.

Barua zetu nimezinakili humu, kwenye daftari lililonibakia la skuli. Za shangazi ninazo zenyewe. Zangu nimezitoa kwenye rasimu, kwa sababu siwezi kuandika barua bila ya kuijaribu kwanza pembeni. Shangazi Shemsa ni dada yake Baba. Alikuwa akikaa Matemwe na mumewe, mjomba Simai, fundi wa kuezeka mapaa ya makuti ya mahoteli. Mwezi wa Januari mjomba alianguka kutoka juu ya paa na kufariki. Hawakujaaliwa mtoto. Shangazi akaingia eda, miezi minne na siku kumi, hatoki nyumbani. Simu ya nyumba ile ilikuwa moja, ya mjomba, na siku ya mazishi ndugu yake aliichukua ili awaarifu watu. Haikurudi. Kwa hiyo tuliandikiana, na barua zetu zilibebwa na Bi Nasima, jirani yake, ambaye kila Jumatatu huja mjini kuuza sabuni za mwani.

*

Matemwe, 3 Februari 2024

Mwanangu Nusrat,

Pokea salamu zangu, wewe na wazazi wako wote wawili. Mimi sijambo, ila mguu unauma ukishika baridi ya sakafu. Wanawake waliokuja kukaa nami wamesharudi makwao, kila mtu ana nyumba yake. Kuku mweupe ameangua vifaranga saba, mmoja kilema, lakini anakula kuliko wenziwe. Siku za matanga watu waliniuliza, yule mtoto aliyekuwa akiosha vyombo bila ya kutumwa ni wa nani, mbona hasemi? Nikawaambia ni wangu, na kusema atasema akitaka.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Juzi sheha alikuja akasimama mlangoni akanisomea tangazo. Shemeji yangu Mahfoudh ameomba kiwanja hiki na nyumba hii viandikwe kwa jina lake. Anasema vilikuwa mali ya marehemu, na marehemu hakuacha mtoto. Mwenye pingamizi alitoe kabla ya kufungwa ofisi tarehe 25 Aprili. Mimi pingamizi ninalo. Marehemu alinipa nyumba hii hiba, mwaka wa nane wa ndoa yetu, kwa maandishi na mbele ya mashahidi wawili. Karatasi ninayo, nimeiweka ndani ya mkebe wa biskuti.

Lakini sheha anasema siku hizi karatasi haipokelewi mkononi. Inaingizwa kwenye kompyuta, kwenye kitu wanachokiita Mfumo, na kabla ya kuingia lazima uombe kwanza ruhusa ya kuingia. Nikamwuliza, nyumba yangu mwenyewe, niombe ruhusa ya kuisemea? Akacheka, akasema hata yeye aliomba, na alingoja miezi miwili.

Baba yako usimwambie. Nnajua anafanya kazi dukani kwa Mahfoudh, na mimi sitaki achague baina ya dada yake na riziki yake. Wewe umesoma na una kitambulisho kipya. Nenda ukaniulizie tu.

Shangazi yako,
Shemsa

*

Kiponda, 11 Februari 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumai mguu umepoa. Mama anakusalimu, ameanza tena kuoka mikate ya mofa na watu wanaigombania hata haijapoa. Baba ni mzima. Akirudi kazini hukaa na gazeti lake, na siku hizi hamtaji Mahfoudh hata kwa jambo dogo. Matokeo ya mtihani yametoka, nimefaulu, ila si sana kama walimu walivyotaraji.

Nilikwenda pale ofisini. Siku ya kwanza nilifika mlangoni nikarudi. Siku ya pili niliingia. Swali langu niliandika kwenye karatasi, nikampa karani badala ya kulisema. Karani alisema maneno yake, lakini fomu alinipa.

Maombi yatakuwa kwa jina lako, na mimi nitakuwa wakala wako. Wakala lazima awe ametimiza miaka kumi na minane. Mimi nimeitimiza tarehe 9 Januari, nadhani Mungu alilijua hili. Wanataka kopi ya kitambulisho chako, cheti cha kifo cha mjomba, barua ya sheha kwamba unakaa hapo, na waraka wa uwakala unaosema umenituma, utie saini mbele ya sheha naye athibitishe. Pia nambari ya simu na barua pepe. Simu nitaandika yangu. Barua pepe nitakufungulia, usiwe na wasiwasi, haihitaji stempu.

Nimemuuliza karani, tena kwa kuandika, hiba itatolewa lini. Akasema hiyo bado sana. Karatasi zote hizi ni za kubishia hodi tu, shangazi. Jambo lenyewe bado liko nje.

Nimeambatanisha fomu ya waraka. Tafadhali usiikunje.

Mtoto wako,
Nusrat

*

Matemwe, 25 Februari 2024

Mwanangu,

Marahaba. Hongera kwa mtihani. Wasiotosheka waache na kutotosheka kwao. Yule kifaranga kilema amekufa, wengine wazima. Mwani mwaka huu umeshika maradhi, Bi Nasima anasema sabuni zitapungua, lakini ataendelea kuja kwa ajili yetu.

Sheha alikuja Ijumaa baada ya sala na fomu yako, haikukunjwa. Sasa mimi nimo ndani ya eda, na wazee wa hapa hawataki mwanamume asiye wangu anione, wala mimi mwenyewe sitaki. Basi tulifanya kama ilivyofanywa siku zote. Nilikaa ndani nyuma ya pazia, nikatoa mkono, sheha akaweka fomu juu ya kibao nami nikatia saini. Akasema huu mkono wa Shemsa naujua, una kovu la chungu. Akaandika kwamba ameshuhudia, akapiga muhuri. Sheha ni mtu mzuri. Aliondoka bila ya kunywa chai, aliona haya.

Barua yake na kopi ya kitambulisho zimo humu ndani. Cheti cha kifo ndicho sina. Kiko kwa watu wa marehemu. Nimetuma kukiomba mara mbili, naambiwa nitaletewa.

Walipita watu uani na kamba za kupimia. Nilifunga dirisha.

Usisahau kula. Mama yako aliniambia ukishughulishwa na jambo huli.

Shangazi yako

*

Kiponda, 8 Machi 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo, na Ramadhani iko mlangoni, Mungu atufikishe. Mama amekutumia tende na unga wa sembe kwa Bi Nasima. Watu gani hao waliopita uani? Hukuniambia.

Kwanza nikwambie la kushangaza. Cheti cha kifo nimekipata. Asubuhi ya Jumanne nilipoondoa sahani ya mkate ya Baba, chini yake palikuwa na kopi, imekunjwa mara nne. Baba alikwishatoka kwenda kazini. Sikumuuliza. Jioni alisoma gazeti lake kama kawaida, lakini nililiangalia vizuri, lilikuwa la wiki iliyopita. Nakuomba nawe usimtaje kwa mtu yeyote.

La pili si zuri. Waraka wa uwakala umekataliwa. Fomu ina mahali pameandikwa kwamba shahidi amemwona mwombaji uso kwa uso. Sheha, kwa kuwa ni mkweli, alifuta maneno yale akaandika juu yake kwa kalamu, "nimeuona mkono." Karani alisoma, akaniambia mkono si mtu. Nilimwandikia kwamba uko kwenye eda. Akasema Mfumo hauna mahali pa kuandika eda.

Nilimwuliza ustadhi wetu wa chuoni, kwa njia ya mkewe. Amesema mwenye eda akiwa na haja isiyoepukika anaweza kutoka mchana, ila arudi kulala kwake. Ukija mjini mwenyewe siku moja tu, shangazi, utasimama mbele ya karani na yote yatakwisha. Nitakungoja kituoni. Utafutari huko huko kwako.

Tafadhali njoo.

Nusrat

*

Matemwe, 24 Machi 2024

Mwanangu Nusrat,

Ramadhani njema kwenu nyote. Barua yako ilichelewa kunifikia, Bi Nasima hakwenda mjini wiki nzima ya kwanza ya mwezi, alikuwa na homa. Tende tulikula pamoja. Nafunga vizuri, njaa hainisumbui, nyumba ikiwa na mtu mmoja hakuna hata harufu ya kukutamanisha.

Kutoka sitoki. Maneno ya ustadhi nimeyasikia na yana haki yake. Lakini nikitoka asubuhi sina hakika nitakuta mlango ule ule jioni. Hilo tuliache hapo.

Fomu mpya imetiwa saini. Sheha alikuja na mkewe, Biasha, akae nami. Pazia lilifungwa juu kwa kamba. Nilimfunulia sheha uso wangu, naye akatazama, akaandika. Haikuchukua muda wa kuhesabu kumi. Nusrat, tangu siku marehemu alipotolewa mlangoni mwanamume hajaniona. Nilikuwa nimejiwekea hivyo, si kwa kuogopa watu. Lilikuwa jambo la mwisho nililobaki nalo la kumfanyia. Walipoondoka nilikaa chini pale pale nikalia mpaka adhana ya alasiri, kisha nikatia udhu nikasali.

Sasa hawana cha kukataa. Peleka.

Shangazi yako

*

Kiponda, 15 Aprili 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Ilipita Idi nzima bila ya mimi kukuandikia, na nina aibu. Kila siku nilisema nitaandika nikiwa na habari, na habari haikuwapo. Idi ilikuwa ya mvua. Baba alikaa nyumbani siku tatu. Siku ya pili Mahfoudh alituma sinia la biriani kutoka kwake, na Baba akasema limpelekewe jirani.

Barua yako ya mwezi wa Ramadhani nimeisoma mara nyingi.

Maombi yalirudishwa mara tatu. Mara ya kwanza, picha ya kitambulisho ni nyeusi. Mara ya pili, faili ni kubwa mno. Bi mwenye duka la fotokopi pale Mkunazini alilipunguza, wakasema sasa halisomeki. Mara ya tatu hawakutoa sababu, waliandika tu "haijakamilika." Nilikwenda pale ofisini nikakaa siku mbili, siku ya pili nikaonyeshwa kisanduku kimoja ambacho sikukitia alama. Nilikitia.

Jana usiku ujumbe ulikuja kwenye simu. Maombi yamekubaliwa! Bado hatua moja, uhakiki, na wametupa tarehe 25 Aprili, Alkhamisi, siku yenyewe ya mwisho. Nilijaribu kubadilisha, haibadiliki. Lakini wanasema ukishahakikiwa unapewa nenosiri pale pale, na kompyuta ya kutumia ipo. Hiba nimeshaiskani, kila ukurasa na faili lake. Kuiingiza ni dakika tano.

Wataita jina lako, si langu, kwa sababu maombi ni yako. Mimi nitaitika kwa niaba yako, nisimame mbele ya kamera iliyo pale kaunta, nisome sentensi kwa sauti. Nimeiandika hapa, "Mimi ni wakala halali wa Shemsa, na ninathibitisha kwamba maelezo niliyotoa ni ya kweli." Ni hiyo tu. Ninaisoma juu ya dari ninapoanika nguo, hapana mtu.

Usijali.

Nusrat

*

Matemwe, 21 Aprili 2024

Mwanangu,

Naandika upesi, Bi Nasima anaondoka na alfajiri. Mimi mzima. Vifaranga wamekuwa kuku.

Alkhamisi nitafunga, kwa nia yako. Najua watu wengi wakikutazama maneno yanakukimbia. Tangu mdogo uko hivyo, ulikuwa ukitaka maji unakuja kusimama karibu na mtungi mpaka mtu akuone. Lakini kwenye karatasi unasema mengi, na unayasema vizuri. Basi hiyo sentensi usiwasomee wao. Isome kama unaniandikia mimi.

Mungu akufungulie.

Shangazi yako

*

Kiponda, 27 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sote wazima. Mvua ni nyingi, maji yameingia mpaka barazani.

Alkhamisi mtandao ulikatika. Tulikaa mpaka saa tisa na nusu wakafunga madirisha. Walisema ni kwa sababu ya mvua. Watu wote walirudishwa. Ijumaa ilikuwa sikukuu, na Mfumo haupokei tena pingamizi la kiwanja hicho, nimejaribu.

Samahani, shangazi.

Nusrat

*

Kiponda, 12 Mei 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sijapata jibu lako. Bi Nasima nilimngojea Jumatatu mbili. Ananiambia hujambo, una shughuli, na hataki kukaa tukazungumza. Mama anauliza siku utakayotoka eda tuje tukusaidie kupika. Baba ameacha kazi dukani kwa Mahfoudh. Hakusema kwa nini. Sasa anamsaidia rafiki yake kurekebisha mafeni.

Kama umeudhika naomba uniandikie hivyo hivyo, hata mstari mmoja.

Nusrat

*

Uroa, 2 Juni 2024

Kwako mwanangu Nusrat,

Usishangae kuona Uroa. Niko kwa binti wa mama mkubwa, amenipa chumba cha upande wa pwani. Sikuudhika. Sikuwa na la kuandika, na nilitaka kwanza mambo yafike mwisho wake. Mwambie baba yako nimesikia habari za kazi, na kwamba mimi ni dada yake, anajua ninachotaka kusema. Mama yako nimepata salamu zake. Niliwaomba kwa mdomo wa Bi Nasima msije siku ya kutoka eda kwa sababu hapakuwa na pa kuwaweka.

Wiki moja baada ya tarehe ile sheha alileta karatasi. Kwa kuwa hakuna aliyepinga, kiwanja kimeandikwa kwa Mahfoudh. Mahfoudh hakunitukana. Alikuja akasema nimalize eda yangu kwa amani, kisha nihame. Watu wake walianza na choo cha nje na jiko, wakanibakishia chumba na ukumbi. Nilimaliza eda yangu na vumbi lao. Hiba nilikwenda nayo kwa sheha, akaisoma, akatikisa kichwa, akanirudishia. Bado imo kwenye mkebe.

Sasa kuna jambo, nitalisema mara moja.

Siku ya kutoka eda wanawake walikuja kunikogesha na kunivisha. Biasha, mke wa sheha, alikuwamo. Wakaanza kuzungumza habari ya nyumba, na kama kawaida wakawalaumu watu wa kompyuta. Biasha akasema mtandao siku ile haukukatika. Alikuwapo pale ofisini kwa haja yake, upande wa pili wa chumba. Akasema jina langu liliitwa mara tatu, na Nusrat amekaa benchi la pili na faili jeusi, anaangalia miguu yake. Alidhani umeshahudumiwa unangojea kitu chengine, kisha yeye mwenyewe akaitwa, akaondoka akakuacha umekaa pale pale.

Nikamwambia amekufananisha. Akasema hapana, anakujua, alikuona kwenye matanga. Nikamwambia watoto wa mjini wote wanavaa namna moja. Akashikilia, si kwa ubaya, Biasha si mbaya, ni mtu asiyeweza kuacha jambo likapita hivi hivi. Wenzake wote wakanitazama mimi. Basi nikaapa. Nikasema wallahi yule hakuwa Nusrat, Nusrat aliambiwa mapema mtandao umekatika na alikuwa kwake saa sita. Nani atabishana na mjane anayeapa siku anayovuliwa eda? Biasha naye akasema huenda amefananisha, akaniomba radhi mbele ya watu.

Sikuulizi kitu, Nusrat. Na wewe usiniandikie kitu juu ya hili, si sasa, si baadaye. Niandikie habari za nyumbani.

Huku kuna upepo mzuri. Kuku niliwagawa, nimekuja na mmoja.

Shangazi yako anayekupenda,
Shemsa

*

Kiponda, 10 Juni 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika na nimeisoma. Sote huku hatujambo. Mama amepata wateja wapya wa mikate, wa hoteli moja ya hapa karibu. Baba mafeni yanampenda, tayari watu wanamfuata nyumbani. Mimi huenda nikaanza kazi kwenye duka la fotokopi la Mkunazini, yule bi amesema ana haja ya mtu wa kuwajazia watu fomu. Mvua zimekwisha. Msalimu dada yako hapo Uroa.

Mtoto wako,
Nusrat

*

Hiyo ndiyo barua pekee niliyomwandikia shangazi isiyo na jambo. Nilimaliza salamu nikakuta nimemaliza barua.

Nitaeleza ilivyokuwa, kwa sababu huko kote sikueleza. Siku ile ya mwezi wa Februari, nilipompa karani swali langu kwenye karatasi, alilisoma kwa sauti ili wenzake wasikie. Kisha akaniambia, "Binti, asiyeweza kusema jina lake hapa, atamsemea nani?" Chumba kizima kilicheka. Hawakucheka kwa chuki. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami alicheka huku akinipigapiga begani. Karani mwenyewe nadhani alisahau kabla sijafika mlangoni. Mimi sikusahau. Tangu siku ile, kila nilipokwenda, nilikuwa nikijua atakayeniita ni yeye.

Alkhamisi ile mvua ilikuwa kubwa, lakini taa ziliwaka na kompyuta zilifanya kazi. Niliona watu wanaitwa, wanasimama mbele ya kamera, wanasoma sentensi yao, wengine wanababaika na kurudia, na hapana aliyewacheka. Nilikuwa nimekaa tangu saa mbili. Yapata saa nane akaita, "Shemsa." Nikajiambia nimalize kupumua. Akaita tena, akaongeza jina la babu. Nilifungua mdomo. Karani akainua kichwa, akatazama mabenchi yote, na macho yake yakapita juu yangu. Nadhani kama angesita hapo ningesimama. Akaita mara ya tatu, kisha akasema hayupo, akaita mwengine.

Nilikuwa na saa nzima na nusu baada ya hapo. Watu wakidhani ilikuwa ni mara tatu hizo tu, si kweli. Ningeweza kwenda kaunta nikasema nilichelewa kusikia. Nilijiambia mtu huyu akimaliza nitakwenda. Kisha huyu. Nilikuwa ninahesabu watu mpaka nikasikia madirisha yanafungwa, na nikashukuru. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Nilishukuru, kwa muda mfupi, kabla sijakumbuka kwamba kuna mtu amefunga kwa nia yangu.

Duka la fotokopi nimelianza. Watu huja na karatasi zao za Mfumo, wengi wao wakubwa kwa umri, nami nawajazia. Nazijua zote sasa, kila kisanduku na kila ukubwa wa faili. Wananisifu kwa upole wangu. Juzi Baba alipita kunitazama, akasimama mlangoni akiangalia ninavyofanya kazi. Akaniuliza kama ule mtandao ulikatika kweli. Nilitikisa kichwa kwamba ndiyo, akaniaga, akaenda zake na begi lake la bisibisi.

Shangazi hajapata kurudi Matemwe hata kwa siku moja. Bi Nasima anasema nyumba imebomolewa na wameanza kuchimba msingi mrefu. Anasema pia kwamba kule bado wanamtaja kwa wema. Wanasema Shemsa alinyang'anywa na kompyuta, na hakutoka na neno baya kinywani mwake.

Sasa wewe umeshajua. Ingekuwa ni haya yangu peke yake ningelisema hadharani, na pengine ningekuwa nimejifunza kusema. Lakini shangazi aliapa. Aliapa mbele ya wanawake wale wote, siku aliyokogeshwa, na Biasha akamwomba radhi. Nikifungua mdomo sasa, hatakuwa tena mtu aliyedhulumiwa, atakuwa mtu aliyeapa uongo, na kule jina lake jema ndilo kitu pekee ambacho hakikuandikwa kwa Mahfoudh. Kwa hiyo nakuomba, ulisome daftari hili kisha ulifunge. Ukikutana na mtu wa Matemwe akakusimulia kwamba mtandao ulikatika siku ile, mwache asimulie mpaka mwisho. Usimwambie.